Mkahawa wa Kiajemi wa mtaani: mwongozo kamili kwa mlaji aliyezoea pilau

Mswahili anayeingia katika mkahawa wa Kiajemi kwa mara ya kwanza hukabiliwa na hatari ambayo wageni wengine hawana, nayo ni kudhani kwamba chakula hiki anakijua. Kwenye menyu anaona neno polo na kukumbuka pilau, anaona kababu, ananusa zafarani na mkate wa tanuri, kisha anaagiza kwa mazoea ya nyumbani. Analetewa sahani ya wali mweupe usio na mchuzi, vipande viwili virefu vya nyama, nyanya moja iliyochomwa na kijipande cha siagi. Hakuna pilipili mezani. Anakula, anashiba, na njiani anasema kwamba Waajemi hawajui viungo. Nami nilisema hivyo hivyo baada ya mlo wangu wa kwanza, na ilinibidi nirudi mara kadhaa, tena nikiwa na mwenyeji, ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nikitafuta ukali mahali ambapo mpishi ameweka uchachu, na kwamba nilikuwa nimeusukuma kando wali ilhali wali ndio uliokuwa chakula na nyama ilikuwa kitoweo chake.

Maelezo yanayofuata yanahusu mikahawa midogo ya London, ambako Wairani wengi walihamia baada ya mapinduzi ya 1979. Mikahawa yao imejikusanya hasa magharibi ya jiji, kwenye Kensington High Street na mitaa inayoelekea Olympia, na mingine iko kaskazini katika vitongoji kama Finchley. Menyu yao ni karibu ile ile utakayoikuta Westwood mjini Los Angeles au kwenye barabara ya Yonge mjini Toronto, kwa hiyo msomaji aliye huko anaweza kuutumia mwongozo huu bila kubadilisha mengi. Kibao cha mlangoni kinaweza kusema Kiajemi au Kiirani. Jikoni hakuna tofauti.

Kuchagua mkahawa na saa ya kwenda

Kabla ya kuangalia bei, angalia mkate. Mkahawa mzuri wa mtaani mara nyingi huwa na tanuri la udongo karibu na mlango au dirisha, na mwokaji akiwa amesimama hapo akibandika donge lililotandazwa kwenye ukuta wa ndani wa tanuri na kuling'oa baada ya muda mfupi. Ikiwa mkate unaoletwa mezani ni wa moto na umechomekachomeka kwa vidoa vyeusi, jikoni kuna mtu anayejali. Ikiwa umetoka kwenye mfuko wa plastiki, usiondoke kwa sababu hiyo peke yake, lakini punguza matumaini.

Dalili ya pili ni wateja. Meza yenye bibi, watoto na wajukuu wanaozungumza Kiajemi ni ushahidi bora kuliko sifa zozote zilizoandikwa ukutani, kwa sababu bibi huyo anajua kupika chakula hicho hicho kwake na ameamua kulipa ili akile hapa. Dalili ya tatu ni urefu wa menyu. Kababu za aina nyingi si tatizo, kwa kuwa zote hutoka kwenye makaa yale yale, ila orodha ya michuzi kumi na miwili inayopatikana kila siku ina walakini, maana michuzi ya Kiajemi hupikwa kwa saa nyingi na mkahawa mdogo hauwezi kuihudumia yote kwa wakati mmoja. Ukiona mchuzi fulani umeandikiwa siku yake, uaminifu huo ni wa kuthaminiwa.

Nenda mchana ukiweza. Kwa desturi ya Iran mlo mkubwa wa siku ni wa mchana, michuzi huwa imeiva tangu asubuhi, na ukoko wa wali, ambao nitauzungumzia kwa kirefu hapa chini, huwa bado upo. Jumamosi na Jumapili mchana familia hujaa, kwa hiyo piga simu kuweka meza. Jihadhari zaidi na siku zinazozunguka tarehe 20 Machi, wakati wa Nowruz, mwaka mpya wa Kiajemi, sikukuu ambayo jina lake sisi tunalo katika neno Nairuzi na ambayo mabaki yake bado yanaonekana katika Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja. Siku hizo kupata meza bila kuagiza mapema ni bahati tu.

Simu hiyo hiyo itumie kuuliza mambo mengine matatu. Uliza kama nyama ni halali, maana wenye mikahawa hutofautiana na haifai kudhani kwa sababu tu chakula ni cha Iran. Uliza kama kinywaji cha pombe kinauzwa, ikiwa jambo hilo lina uzito kwako kwa upande wowote. Na uliza kama wana dizi siku hiyo, yaani nyama ya chungu nitakayoieleza hapa chini, kwa sababu baadhi huhitaji kuambiwa mapema.

Kusoma menyu bila kupotea

Maneno ya Kiajemi huandikwa kwa herufi za Kilatini kila mtu anavyosikia, hivyo kababu ya kubide utaiona imeandikwa koobideh hapa na kubideh pale, na usishtuke. Ukishika maneno manne, menyu nzima inafunguka. Chelo ni wali mtupu uliochemshwa, ukachujwa na kuivishwa kwa mvuke. Polo ni wali uliochanganywa na kitu kingine wakati wa kuivishwa, kama mboga, maharage au matunda makavu. Khoresh ni mchuzi mzito unaoliwa na chelo. Kababu ni nyama iliyochomwa kwenye makaa, nayo pia huliwa na chelo, ndiyo maana chakula kinachotambulika zaidi cha Iran kinaitwa chelo kababu, na wali ndio unaotangulia katika jina.

Angalia pia jambo ambalo litakusumbua ukilisahau: chakula hiki kina kokwa nyingi. Mchuzi wa fesenjan una msingi wa jozi (walnut) zilizosagwa, pistashio hunyunyizwa kwenye peremende na aiskrimu, na jozi huja hata na jibini ya kuanzia. Mwenye mzio aseme mwanzoni kabisa, kabla ya kuagiza chochote.

Mkate na vya kuanzia

Agiza viwili au vitatu, si vitano. Hili ndilo kosa la pili la wageni, kwa sababu mkate ni wa moto, vibakuli ni vya kuvutia, na milo mikuu inapofika hakuna tena mahali pa kuiweka tumboni. Kwa watu wanne, vibakuli vitatu vinatosha.

Kimoja kati ya hivyo kiwe sabzi khordan, yaani sahani ya majani mabichi: rehani, nanaa, majani ya kitunguu, figili, pamoja na jibini nyeupe ya chumvi na jozi. Mlaji wa pwani huitazama sahani hii akidhani ni mapambo. Siyo. Vunja kipande cha mkate, weka jibini, ongeza majani mawili matatu ya aina tofauti na nusu ya jozi, kunja na ule kwa tonge moja. Sahani hiyo usiiruhusu kuondolewa milo mikuu inapofika, kwani majani hayo yanaliwa kati ya tonge na tonge mpaka mwisho, kama sisi tunavyorudia kachumbari.

Kachumbari yenyewe ipo, na inaitwa saladi ya Shirazi: tango, nyanya na kitunguu vilivyokatwa vidogo sana kwa ukubwa unaolingana, ndimu, mafuta kidogo na nanaa kavu. Jina hilo litamfanya Mswahili atabasamu, kwa kuwa Shiraz ni mji ule ule ambao wakazi wa pwani wanaojiita Washirazi wameubeba katika simulizi za asili yao. Ukiwa huna hakika uanze na nini, anza na hii.

Biringani huja kwa sura mbili kuu. Kashk-e bademjan ni biringani zilizokaangwa na kupondwa, juu yake kitunguu kilichokaushwa kwa mafuta, nanaa na kashk, ambayo ni maziwa ya mtindi yaliyokolezwa mpaka yakawa na ladha kali ya chumvi na uchachu. Mirza ghasemi hutoka mkoa wa Gilan, kando ya Bahari ya Kaspi, na biringani zake huchomwa motoni kwanza, kisha hupikwa na kitunguu saumu kingi, nyanya na yai. Mimi huchagua hii ya pili kwa ajili ya ule moshi. Mtindi nao huletwa ukiwa umechanganywa na tango na nanaa, au na musir, aina ya kitunguu cha mlimani chenye harufu kama ya saumu iliyotulia; kibakuli kimoja cha mtindi kitakufaa mpaka mwisho wa mlo, kwa hiyo usikimalize na mkate.

Wali ndio chakula chenyewe

Hapa ndipo mgeni anapopaswa kupunguza mwendo. Mchele mrefu huoshwa, huloweshwa katika maji ya chumvi, huchemshwa katika maji mengi mpaka punje iwe laini nje na bado ina moyo mgumu ndani, kisha huchujwa. Baada ya hapo sufuria hutiwa mafuta, wali hurudishwa na kulundikwa kama kichuguu, mfuniko hufungwa kwa kitambaa ili kinyonye mvuke usidondoke, na moto hupunguzwa kwa muda mrefu. Nasi tunaujua ustadi wa jamii hii, maana anayepalia makaa juu ya mfuniko anatafuta matokeo yale yale ya kila punje kusimama peke yake. Tofauti ni kwamba mpishi wa pwani hutia ladha ndani ya wali, kwa nazi au kwa viungo vya pilau, ilhali Mwajemi huuacha chelo uwe mtupu ili upokee kitakachowekwa juu yake. Wali huo ukiuonja peke yake na kuusema hauna ladha, ni sawa na kuulaumu ugali kwa kukosa chumvi.

Juu ya kilima hicho cheupe utaona wali kidogo wa rangi ya manjano. Hiyo ni zafarani iliyosagwa na kuloweshwa, si bizari ya manjano. Sehemu kubwa ya zafarani ya dunia hulimwa Iran, hasa katika eneo la Khorasan, na ua moja hutoa nyuzi tatu tu zinazochumwa kwa mkono, kwa hiyo usitarajie sahani nzima iwe ya dhahabu. Changanya wali huo na mweupe mwenyewe.

Sasa ukoko. Kwa Kiajemi unaitwa tahdig, neno linalomaanisha sehemu ya chini ya chungu, na kwao si kitu cha kukwanguliwa na watoto jikoni baada ya wakubwa kula, bali ni heshima ya mezani ambayo mwenyeji humpa mgeni kwanza. Unaweza kuwa wa wali wenyewe uliokaangika mpaka ukawa na rangi ya asali, au wa mkate mwembamba, au wa vipande vya viazi vilivyopangwa chini ya sufuria. Mikahawa mingi huuza tahdig kama sahani ya pekee, ukiwa umemwagiwa mchuzi juu, na kwa kawaida huisha mapema kwa sababu chungu kimoja kina chini moja tu. Uulize mara unapoketi, hata kabla ya kuomba maji. Ukiupata, ule haraka, maana mchuzi ukikaa juu yake kwa dakika kumi utapoteza ule mlio wa kuvunjika ambao ndio uliougharimia.

Kijiko hushikwa kwa mkono wa kulia na uma kwa wa kushoto. Uma husukuma, kijiko hubeba na pia hukata, kwa kuwa nyama imepikwa isihitaji kisu. Wako watu wanaokula kwa mkono nyumbani, lakini mkahawani kijiko ndicho kinachotarajiwa, na punje zilizotawanyika namna ile hazishikiki vizuri kwa vidole.

Kababu, na namna ya kuila

Kubide ni nyama ya kusaga ya kondoo au ng'ombe, au mchanganyiko wa zote mbili, iliyokandwa na kitunguu kilichokunwa na kukamuliwa maji, kisha ikabanwa kwenye chuma kipana na kuchomwa. Sahani ya kawaida huwa na vyuma viwili. Haina pilipili, haina tangawizi, haina bizari nyembamba kama kababu zetu. Ladha yake ni nyama, mafuta yake, kitunguu na moshi. Ndiyo ya bei nafuu kwenye orodha, na ndiyo inayompima mpishi vizuri zaidi, kwa sababu kubide iliyokandwa vibaya huanguka kutoka kwenye chuma au hukauka kama kiatu. Kwa hiyo ziara ya kwanza, agiza hii.

Barg ni kipande cha nyama laini kilichopigwa kikawa chembamba, na jina lake maana yake ni jani. Soltani, yaani ya kisultani, ni chuma kimoja cha barg na kimoja cha kubide kwenye sahani moja, nayo inafaa kwa asiyeweza kuamua. Juje ni kuku aliyelowekwa katika zafarani, ndimu na kitunguu. Akiwepo mwenye mfupa, mchukue huyo badala ya kidari kitupu, kwani hakauki. Chenje ni vipande vya mraba, na ndiyo iliyo karibu zaidi na mishikaki tunayoijua, kwa hiyo nakushauri uiache kwa siku nyingine.

Sahani ikifika, fuata utaratibu huu. Kwanza, ingiza siagi chini ya wali ungali wa moto, ili iyeyuke ndani yake. Pili, iponde nyanya iliyochomwa juu ya sehemu ya wali, maji yake yakiwa ndiyo mchuzi pekee utakaoupata. Tatu, tafuta kichupa cha unga wa rangi ya zambarau iliyoiva kilicho mezani: huo ni sumac, tunda kavu lililosagwa lenye uchachu usiouma, na unanyunyizwa kwa ukarimu juu ya nyama na wali. Huo ndio unaoshika nafasi ya pilipili na ndimu. Nne, kata nyama kwa ukingo wa kijiko, chukua tonge lenye wali mwingi kuliko nyama, na baadaye ung'ate kitunguu kibichi au jani la rehani. Zamani, na pengine hata leo kwa wenye kuomba, kiini kibichi cha yai huchanganywa na wali huo pamoja na siagi.

Ikiwa nyama imeletwa juu ya mkate mwembamba, mkate huo usiuache. Umekunywa mafuta yote ya kababu, na wenyeji mezani watakuwa wameshauona kabla yako.

Michuzi, ambako ndiko jiko linakojulikana

Kababu ni kazi ya mchomaji, lakini khoresh ni kazi ya mpishi, na ukitaka kujua mkahawa una mkono gani, sharti uonje angalau mchuzi mmoja. Kwa meza ya watu wanne agizo langu la kawaida ni soltani moja, juje moja, mchuzi mmoja na polo moja, vyote vikiwekwa katikati. Sahani ni kubwa, na kila mtu kuagiza yake ni kuandaa chakula cha kesho.

Ghorme sabzi huonekana vibaya na huliwa vizuri. Ni mchuzi wa kijani kilichoiva mpaka kikakaribia weusi, uliotengenezwa kwa lundo la paseli, kotmiri, majani ya kitunguu na majani ya uwatu, yote yakikatwa na kukaangwa polepole kabla ya kutiwa nyama ya kondoo na maharage mekundu. Uchachu wake hutoka kwenye ndimu nzima zilizokaushwa, ambazo Wairani huziita limu amani kwa kuihusisha na Oman. Msomaji aliyekulia Maskati atazitambua mara moja. Ukikuta moja kwenye sahani, usiitafune. Ibonyeze taratibu kwa kijiko, maji yake yatoke, kisha iweke kando, maana mbegu zake ni chungu na zitakuharibia matonge yatakayofuata.

Gheime ni mchuzi wa dengu za njano zilizopaazwa, nyama, nyanya na ndimu kavu, juu yake viazi vilivyokatwa vyembamba na kukaangwa. Ni mchuzi mpole, na ndio ninaowapendekezea wenye watoto. Fesenjan ni habari nyingine: jozi zilizosagwa hupikwa kwa saa kadhaa na maji mazito ya komamanga mpaka zitoe mafuta yake, pamoja na kuku au bata, na matokeo ni mchuzi wa kahawia, mtamu na mchachu kwa pamoja, mzito kiasi kwamba vijiko vinne vinamtosha mtu. Wengine huupika kwa kuegemea utamu, wengine uchachu, kwa hiyo muulize mhudumu wao wako upande gani. Wazee wa Iran huhesabu jozi kuwa chakula cha moto na mtindi kuwa cha baridi, kwa mpango ambao pwani yetu pia inaufahamu, na ndiyo sababu utawaona wakila fesenjan na kibakuli cha mtindi pembeni. Kwa hesabu hiyo hiyo, samaki na mtindi wote ni wa baridi na hawakutanishwi.

Mchuzi usiumwage wote juu ya wali. Chota vijiko viwili, uweke ukingoni, ule, kisha uongeze. Chelo uliozama katika mchuzi huwa uji, na kazi yote ya kuuchuja na kuufunika kwa kitambaa inapotea.

Katika upande wa polo, zereshk polo huja na kuku na vitunda vidogo vyekundu vya zereshk, vichachu sana, vilivyopitishwa kwenye siagi na sukari kidogo. Baghali polo ni wali wa shibiti na maharage mapana unaoletwa na muundi mzima wa kondoo, na huu ndio, kwa maoni yangu, mlo ambao mla pilau atauelewa bila kufundishwa. Mwenye kutamani pilipili aulize kama kuna ghalie mahi, mchuzi wa samaki wa kusini mwa Iran, kutoka miji ya Ghuba, wenye ukwaju, kotmiri, uwatu na kitunguu saumu. Mikahawa michache huwa nao, lakini penye nao, mtu wa Mombasa au Tanga atajiona yuko kwao.

Asiyekula nyama atakula vizuri kutokana na vya kuanzia kuliko kutokana na michuzi. Supu nzito ya tambi, maharage na majani iitwayo ash reshte humfaa, mradi aulize kwanza kama imepikwa kwa maji ya nyama.

Dizi, mlo wenye hatua mbili

Dizi ni jina la chungu na pia la kilichomo, ambacho huitwa vilevile abgusht, yaani maji ya nyama: kondoo, dengu, maharage meupe, kiazi, nyanya na ndimu kavu, vikiwa vimechemka pamoja kwa saa nyingi. Huletwa chungu, bakuli tupu, mchi mdogo wa chuma, mkate, kitunguu na torshi, ambayo ni mboga za kuchachushwa kwa siki, jamaa wa achari asiye na mafuta.

Shika chungu kwa kitambaa na uyamimine maji yake tu katika bakuli, ukivizuia vipande kwa mkate. Vunja mkate vipande vidogo ndani ya maji hayo, usubiri ulainike, na ule kwa kijiko kama supu. Hiyo ni nusu ya kwanza. Ya pili ni kurudi kwenye chungu, kutoa mifupa na ndimu, kisha kutwanga nyama, dengu na viazi kwa mchi mpaka viwe kitu kimoja kizito, ambacho huliwa kwa mkate, kitunguu na torshi. Mhudumu akijitolea kukutwangia, mkubalie ziara ya kwanza na utazame mkono wake. Usivae shati jeupe.

Wapo pia wanaouza kalle pache, kichwa na miguu ya kondoo, asubuhi na mapema. Aliyekua na supu ya makongoro hahitaji maelekezo yangu.

Kinywaji, kitindamlo na chai

Dugh ni mtindi uliochanganywa na maji, chumvi na nanaa kavu, wakati mwingine ukiwa na gesi. Ukiutarajia kuwa mtamu utaukataa. Ukiuchukua kama kitu cha kusafisha mafuta ya kababu kinywani, utaomba jagi la pili. Agiza glasi moja ya kuonja kwanza.

Baada ya mlo kuna aiskrimu ya zafarani, maji ya waridi na pistashio, na kuna falude ya Shiraz, ambayo jina lake litakudanganya kwa kuwa haifanani na faluda ya maziwa tunayoijua pwani: ni nyuzi nyembamba za wanga ndani ya maji ya sukari na waridi yaliyogandishwa, na hukamuliwa ndimu juu. Ndimu hiyo usiikatae, kwa kuwa bila yake kinachobaki ni sukari na manukato.

Chai huja nyeusi, bila maziwa, katika glasi ndogo. Sukari haitiwi ndani. Donge gumu huwekwa kati ya meno na chai hupitishwa juu yake. Badala yake unaweza kupewa nabat, fuwele za sukari zenye zafarani, na hizo ndizo zinazokorogwa. Kuomba maziwa si dhambi, ila mhudumu atasita kidogo.

Bili na maneno ya adabu

Utakapoomba kulipa, hasa kwa mwenye mkahawa mwenyewe, unaweza kujibiwa ghabel nadare, yaani kwamba chakula ulichokula hakistahili hata kutajiwa malipo. Usiamke ukaondoka. Huo ni taarofu, adabu ya Kiajemi ya kujishusha na kumkweza mwingine, na inafanya kazi kama pale mtu aliyeketi kula anapomkaribisha kila apitaye: mkaribisho ni wa dhati kama heshima, lakini si kila apitaye anatazamiwa kuketi. Shukuru, sisitiza, na ulipe. Ukiwa umealikwa na rafiki Mwirani, vuta nikuvute ya bili itatokea hata kama yeye ndiye aliyesema mapema kwamba atalipa. Jitolee kwa nguvu mara mbili au tatu, kisha mwachie, na siku nyingine umtangulie wewe kwa mhudumu kabla chai haijaletwa.

Katika mikahawa ya London, ada ya huduma mara nyingi huwa imeshaongezwa kwenye bili, kwa kawaida asilimia 12.5, kwa hiyo isome kabla ya kutoa bakshishi, neno ambalo, kwa njia, lugha yetu imelipata kutoka kwa Waajemi. Mpishi au mchomaji akiwa karibu, mwambie dastetun dard nakone, yaani mkono wako usiume. Yeye atakujibu nush-e jan, chakula kiufae mwili wako. Asante ya kawaida ni mersi, waliyoichukua kwa Wafaransa.

Kilichobaki kifungiwe, hakuna atakayekuona mchoyo. Omba wali na mchuzi viwekwe katika vyombo tofauti. Wali upashe kwa kunyunyizia maji kidogo na kuufunika vizuri, kubide uipashe kwenye kikaango kikavu na si ndani ya mchuzi, na kama kuna ghorme sabzi, iache ilale kwenye friji mpaka kesho yake, kwani Wairani wenyewe hukubaliana kwamba siku ya pili ndipo inapokolea.